Kabla Hujanunua Kopo la Amino: Namna ya Kula Baada ya Mbio Ndefu

Kopo langu la kwanza la amino asidi, yaani vile vipande vinavyojenga protini, nililinunua wiki sita kabla ya Kilimanjaro Marathon, kwa bei ambayo mke wangu mpaka leo anaijua nusu. Lilikuwa na picha ya mtu mwenye misuli kama mizizi ya mkuyu, na pembeni maandishi makubwa: BCAA 2:1:1. Muuzaji akaniambia nikoroge kijiko kimoja kwenye maji kila nikimaliza mazoezi, miguu haitauma tena. Jumapili nikapanda upande wa Mweka na kushuka, kilomita 26, nikanywa dawa yangu yenye ladha ya tikiti la kiwandani, nikaoga, nikalala. Sikula, tumbo halikutaka. Jumatatu nilishuka ngazi za ofisini kinyumenyume, nimeshika ukuta.

Kopo halikuwa na sumu. Shida ni kwamba nililipa kuziba pengo bila kujua pengo lenyewe liko wapi. Huu ndio utaratibu ninaoufuata siku hizi pamoja na wenzangu tunaokimbia alfajiri hapa Moshi. Unamfaa anayejiandaa kwa kilomita 21 kwenda juu. Anayezunguka uwanja mara tatu kwa ajili ya afya hana haja ya hesabu zote hizi. Mifano ni ya mtu wa kilo 60, wewe ongeza au punguza kulingana na uzito wako.

Hatua ya 1: Anza na mizani

Pima uzito asubuhi kabla hujatoka, umeshaenda chooni, nguo chache. Ukirudi, vua zilizolowa, jifute jasho, pima tena. Tuseme ulitoka na kilo 60, umerudi na 58.6, na njiani ulikunywa nusu lita. Umepungua kilo 1.4, na jasho lililokutoka ni kama lita 1.9. Kwa kila kilo iliyopungua rudisha lita 1.25 hadi 1.5, kwa sababu sehemu ya maji hayo itaishia chooni. Hapo ni kama lita 1.75 hadi 2.1, kidogokidogo kwa saa tatu nne, si kwa mkupuo.

Jasho lina chumvi, kwa hiyo maji matupu peke yake hayatoshi. Supu, uji uliotiwa chumvi kidogo, au maji pamoja na chakula chenye chumvi vinafanya kazi hiyo vizuri. Na ukikuta umerudi na uzito mkubwa kuliko uliotoka nao, ulikunywa kupita kiasi. Hilo si jambo la kucheka: sodiamu kwenye damu inaweza kushuka mpaka mtu akaanza kutapika, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege. Mtu wa namna hiyo msimwongezee maji, mpelekeni hospitali.

Hatua ya 2: Hesabu protini ya siku tatu

Kwa mkimbiaji wa mbio ndefu, makadirio yanayokubalika ni gramu 1.2 hadi 2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwenye wiki za kilomita nyingi mimi nasimama kwenye 1.6. Kilo 60 mara 1.6 ni gramu 96.

Sasa chukua daftari, andika kila kinachoingia mdomoni siku tatu mfululizo, mojawapo iwe siku ya mbio ndefu. Yai moja lina gramu 6. Glasi ya maziwa ya mililita 250, gramu 8. Kikombe cha maharage yaliyoiva, karibu 15, na choroko ni karibu hivyohivyo. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa, gramu 100, inatoa kama 26. Dagaa wakavu kiganja kimoja, tuseme gramu 30, wanatoa karibu 18, na sijaona kitu kingine sokoni kinachowafikia kwa bei. Karanga kiganja, 7 au 8. Ugali wa gramu 150 za unga, kama 12.

Mimi nilipofanya hivyo nilipata aibu. Asubuhi chai na maandazi mawili. Mchana ugali, mchicha, na dagaa wa kuhesabika. Jioni wali na maharage ya kuonja, kisha chai na mkate. Jumla haikufika gramu 60. Na kile kijiko cha kopo nilichokiamini kilikuwa na gramu 5.

Usisahau wanga. Kinachoisha kwenye misuli ya mkimbiaji wa mbio ndefu kwanza ni glaikojeni, yaani akiba ya wanga, na hakuna amino asidi inayoijaza badala yake. Kwenye mazoezi mazito unahitaji wanga gramu 6 hadi 10 kwa kilo kwa siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji wa kiwango cha juu wa Kenya, wakiwa kambini, ulikuta zaidi ya robo tatu ya nishati yao inatoka kwenye wanga: ugali, wali, viazi, mkate, na sukari nyingi ya kwenye chai. Protini ilikuwa kama gramu 1.3 kwa kilo. Walikuwa wakila mapema baada ya kukimbia. Huo si ushahidi kwamba sukari nyingi ni dawa, lakini anayeacha ugali ili anywe poda awatazame wale jamaa kwanza.

Hatua ya 3: Jua unachonunua na unachokikosa

Protini ya chakula imejengwa kwa amino asidi 20. Tisa kati ya hizo mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima uzile: histidini, isoleusini, leusini, lisini, methionini, fenilalanini, threonini, triptofani na valini. BCAA ni tatu tu katika hizo tisa: leusini, isoleusini na valini. Ule uwiano wa 2:1:1 una maana kwamba nusu ya kijiko ni leusini.

Leusini inasifiwa kwa haki. Ndiyo inayoipa misuli ishara ya kuanza kujikarabati, na gramu 2 hadi 3 katika mlo mmoja zinatosha kwa wengi wetu. Lakini ishara ni kama filimbi ya kocha. Piga utakavyo, kama wachezaji hawajafika uwanjani hakuna mechi. Wachezaji ni zile nyingine sita, ambazo kwenye kopo la BCAA hazimo. Ukinywa hizo tatu peke yake, mwili unalazimika kuzitafuta sita zilizobaki kwa kubomoa protini yake wenyewe.

Kichekesho ni kwamba protini ya mahindi ina leusini nyingi sana. Ukilinganisha gramu moja ya protini kwa gramu moja, mahindi hayako mbali na whey, ile poda ya maziwa wanayotumia wanamichezo. Ugali wa gramu 200 za unga unakupa karibu gramu 2 za leusini. Maana yake nilikuwa nanunua dukani, kwa kijiko, kitu ambacho nyumbani nimekihifadhi kwa gunia.

Kinachokosekana kwenye ugali ni lisini, na triptofani nayo ni haba. Mtu mzima anahitaji lisini miligramu 30 kwa kilo kwa siku, yaani gramu 1.8 kwa mtu wa kilo 60. Akitaka kuipata kwa ugali mtupu itabidi ale zaidi ya gramu 700 za unga kila siku. Kikombe kimoja cha maharage kinampa karibu gramu nzima. Maharage nayo yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Makande, kwa hesabu hiyo, ni amino asidi zote tisa kwenye sufuria moja.

Kuna madai mengine utayasikia: kwamba BCAA zinazuia uchovu wa akili ukiwa njiani. Wazo hili lina chimbuko la kisayansi kweli. Eric Newsholme, mwanabayokemia wa Oxford, alilieleza miaka ya 1980: triptofani huingia kwenye ubongo kupitia mlango uleule wa BCAA, na ikiingia kwa wingi hutengeneza serotonini, kemikali ya ubongo, mtu akachoka. Zikijaa BCAA mlangoni, triptofani itapungua. Wazo zuri, ila majaribio kwa wakimbiaji hayakuonyesha kwa uhakika kwamba wanakwenda kasi zaidi. Kinachosaidia njiani, kwa mbio za zaidi ya dakika 90, ni wanga gramu 30 hadi 60 kwa saa. Glutamini, amino asidi nyingine, nayo inauzwa kama kinga ya mafua baada ya marathoni. Ni kweli inashuka kwenye damu ukikimbia sana, lakini kuinywa hakujathibitika kupunguza mafua.

Hatua ya 4: Saa ya kwanza ni ya uji

Lengo la saa ya kwanza kwa mtu wa kilo 60: wanga kama gramu 60 na protini kama 18 hadi 20 (yaani gramu moja ya wanga na 0.3 za protini kwa kilo). Kama kesho hukimbii, huna sababu ya kukimbilia jikoni na viatu miguuni, jumla ya siku ndiyo muhimu. Kama una mazoezi mengine jioni, au kesho alfajiri, basi saa hiyo ina thamani kweli, na endelea kula wanga kwa kiwango hicho kila saa mpaka saa ya nne.

Uji wangu ni huu. Usiku kabla ya mbio nachota unga wa ulezi vijiko vinne vya chakula, kama gramu 40, nauloweka kwenye maji kidogo. Nikirudi nauchemsha mpaka uive kabisa, kisha namimina maziwa mililita 400, chemko moja tena, sukari vijiko viwili vya chai, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Ukitia maziwa kabla unga haujaiva, uji utabaki na ladha ya ubichi na utaungua chini, nimeshasugua sufuria hiyo mara nyingi. Hapo una wanga karibu gramu 56 na protini 16. Ongeza yai la kuchemsha, umefika 22. Ndizi mbivu ndogo ikiwepo, kula.

Mtu ambaye maziwa yasiyogandishwa yanamtibua tumbo, na tuko wengi tukishakuwa watu wazima, ajaribu mtindi. Bakteria wameshakula sehemu ya laktosi, ile sukari ya maziwa, kwa hiyo tumbo linapata nafuu. Wakalenjini wa Iten na Eldoret wana mursik yao ya kwenye kibuyu, kazi ni hiyohiyo.

Hatua ya 5: Mlo wenyewe, ndani ya saa mbili tatu

Hapa Uchagani tumebarikiwa, kwa sababu mtori ni kama ulitungwa kwa ajili ya mtu aliyeshuka kutoka Mweka hana hamu ya kutafuna. Chukua nyama yenye mifupa, ichemshe na chumvi na kitunguu mpaka iachie mfupa. Menya ndizi mshare, ziweke kwenye supu ileile, zikiiva ziponde kwa mwiko mpaka zilainike, kisha rudisha nyama iliyochambuliwa. Unakunywa wanga, chumvi, maji na protini kwa pamoja.

Lakini pima nyama. Mtori wa mama ntilie mara nyingi una harufu ya nyama kuliko nyama yenyewe, na ndizi peke yake protini yake ni ndogo sana. Ninapopika nyumbani nahakikisha kila bakuli linapata nyama iliyoiva ya gramu 80 hadi 100, kama ukubwa wa kiganja bila vidole. Siku ambayo hela ya nyama haipo tunapika kiburu, ndizi na maharage, na kikombe kizima cha maharage kwa mtu, si cha kupambia. Juu yake mtindi glasi moja.

Makande nayo, ila yanataka mpango. Loweka mahindi na maharage tangu jana yake. Ukianza kuyachemsha umesharudi kutoka mbioni, utakula saa kumi jioni ukiwa umeshamaliza mkate wote ndani ya nyumba.

Protini usiirundike mlo mmoja. Gramu 96 zikigawanywa mara nne, kila baada ya saa tatu hadi tano, zinafanya kazi kuliko gramu 15 mchana kutwa na nyama choma ya nguvu usiku. Kabla ya kulala kikombe kikubwa cha mtindi, maana protini yake nyingi ni ya kuyeyushwa taratibu na misuli inaendelea kupata malighafi umelala.

Na bia? Sitamnyima mtu starehe yake ya kumaliza mashindano. Jua tu kwamba jaribio lililochapishwa mwaka 2014, ambalo watu walikunywa pombe nyingi baada ya mazoezi, lilikuta ujenzi wa misuli umepungua kwa kama asilimia 24 hata walipopewa na protini. Kula kwanza, rudisha maji kwanza, halafu moja.

Hatua ya 6: Sogeza chai

Hii ni ndogo lakini watu wanaipuuza. Chai ikinywewa pamoja na maharage au mboga za majani inazuia sehemu kubwa ya madini ya chuma yasifyonzwe, na mkimbiaji wa mbio ndefu, hasa mwanamke, ana kila sababu ya kuyalinda madini hayo. Kunywa chai saa moja kabla ya mlo au saa moja baada. Kwenye mlo weka chungwa, embe, au kachumbari ya nyanya na ndimu, vitamini C inasaidia chuma kuingia.

Hatua ya 7: Kama bado unalitaka kopo

Zipo hali ambazo poda ina maana. Unasafiri kwa basi kwa muda wa saa nane na chakula cha njiani ni chipsi. Hamu ya kula inakufa kabisa baada ya kilomita 30. Huli nyama, mayai wala maziwa. Umepita miaka 60, misuli inahitaji protini nyingi zaidi kwa mlo, kama gramu 0.4 kwa kilo, ili iisikie ile filimbi. Au uko kwenye Ramadhani: wenzetu wa Tanga na Unguja wengi hukimbia dakika za mwisho kabla ya magharibi, wakafungua kwa tende na uji, kisha futari. Kwao muda wa kula ni mfupi, na kikombe cha protini wakati wa daku kinasaidia kufikisha hesabu.

Ukiwa kwenye hali hizo, nunua protini kamili, si BCAA. Gramu 25 za protini ya whey zina leusini kama gramu 2.5 hadi 3 na zile nyingine nane zimo. Kama tumbo haliwezi whey, au hutumii maziwa, tafuta mchanganyiko wa amino asidi zote tisa, gramu 10 hivi kwa mara moja. Soma nyuma ya kopo, si mbele: lazima kila amino asidi iandikwe na gramu zake. Ukiona "mchanganyiko maalumu" bila vipimo, rudisha rafuni. Halafu gawa bei ya kopo kwa jumla ya gramu za protini iliyomo, ufanye hivyohivyo kwa trei ya mayai na kilo ya dagaa. Hesabu hiyo ifanyie palepale dukani, kwa simu, muuzaji akiwa anakuangalia.

Mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito, au anayetumia dawa za kisukari asianze poda bila kuongea na daktari.

Hatua ya 8: Wanaopimwa dawa

Amino asidi zenyewe hazimo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni. Hatari ni kilichoingia kwenye kopo bila kuandikwa. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima bidhaa 634 zilizonunuliwa katika nchi 13 mwaka 2000 na 2001, na 94 kati ya hizo, karibu asilimia 15, zilikuwa na homoni za kujenga misuli ambazo hazikutajwa popote kwenye lebo. Kanuni ni kwamba kilichokutwa mwilini mwako ni chako, "sikujua" haikuokoi. Ukilazimika kununua, chagua yenye alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, hakikisha namba ya toleo kwenye tovuti yao, na weka kopo moja ambalo halijafunguliwa.

Jingine ni dripu. Kuna watu wanawatundikia wakimbiaji dripu ya "amino na vitamini" baada ya mbio, ati wapone haraka. Dripu au sindano ya mshipa inayozidi mililita 100 ndani ya saa 12 imekatazwa, hata kama ni maji ya chumvi matupu, isipokuwa ni matibabu halali ya hospitali au kibali kimetolewa. Na kibarazani kwa mtu, sindano ni hatari hata kwa asiyepimwa.

Hatua ya 9: Ukifuata yote na miguu bado mizito

Jipe wiki nne. Usipobadilika, usiongeze kijiko. Angalia kama unakula kidogo kuliko unachotumia: uzito unashuka kila wiki, usingizi mbovu, mafua yasiyoisha, na kwa mwanamke, hedhi kukosekana. Hedhi ikipotea miezi mitatu si dalili ya kuiva kwa mazoezi kama baadhi ya makocha wanavyosema, ni mwili umezima taa kwa kukosa nishati, na mifupa huanza kulipa gharama. Punguza kilomita, ongeza sahani, muone daktari. Ukifika huko omba wapime wingi wa damu na pia feritini, kipimo cha akiba ya chuma, kwa sababu damu inaweza kusoma vizuri wakati akiba ya chuma imeshakauka. Nenda asubuhi ya siku ya mapumziko, si kesho yake ya mbio ndefu, maana mazoezi mazito huipandisha feritini kwa siku chache na majibu yatakudanganya.